Shajara ya mradi: sepsisi kali na saa ya wodini

Wiki ya 1

Leo tumeanza rasmi. Tuko watatu: mimi, tabibu wa wodi ya wanaume, muuguzi ninayeshika naye zamu, na mtaalamu wa maabara aliyekubali kutupa jioni zake. Tumejipangia kutengeneza karatasi moja ya Kiswahili itakayokaa mbele kabisa ya faili la kila mgonjwa tunayemshuku kuwa na sepsisi kali. Itakuwa na viashiria vya kupima, matibabu ya saa za mwanzo, na mahali pa kuandika mgonjwa aliishia wapi.

Hospitali yetu haina chumba cha wagonjwa mahututi. Anayehitaji mashine ya kupumulia hupewa rufaa, na barabara ni ndefu. Kwa hiyo kila tutakachoandika kiwe kinafanyika kitandani, usiku, mhudumu akiwa mmoja na wodi imejaa.

Tumebishana kidogo juu ya jina. Mitaani watu husema "damu imeingia sumu", na sisi wenyewe huwa tunajibu hivyo hivyo ili mazungumzo yaishe. Sepsisi ni zaidi ya wadudu kwenye damu. Ni pale mwili unapopambana na maambukizi, ya mapafu, njia ya mkojo, tumbo, kidonda au kizazi, mpaka mapambano yenyewe yanaanza kuumiza figo, mapafu, ubongo na moyo. Ndivyo inavyoelezwa tangu 2016, na mwaka huo huo neno "sepsisi kali" likaondolewa kwenye lugha rasmi kwa hoja kwamba sepsisi yoyote tayari ni kali. Sisi tumelibakiza kwenye kichwa cha karatasi kwa makusudi. Ndugu wa mgonjwa akisikia "kali" anaelewa kwamba hii si homa ya kumeza vidonge na kurudi nyumbani.

Kwa mwaka 2017 pekee ilikadiriwa kuwa watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 walifariki. Mwezi Mei mwaka huo mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziipe sepsisi uzito wake. Nimeandika takwimu hizo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha nikafungua kabati la mafaili.

Wiki ya 2

Tumemaliza rundo la kwanza la mafaili, ya waliopona na ya waliofariki. Nilidhani tutakwama kwenye vipimo. Tumekwama kwenye saa.

Faili moja limenikalisha muda mrefu. Mstari wa kwanza, kalamu ya bluu: "Amepokelewa saa 2." Chini yake, kalamu nyeusi na mwandiko mwingine: "Dawa imetolewa 4:00." Ukiisoma yote kwa Kiswahili, mgonjwa alisubiri saa mbili. Ukisoma mstari wa kwanza kwa Kiswahili, yaani saa mbili usiku, na wa pili kwa saa ya Kizungu, yaani saa kumi alfajiri, alisubiri saa nane. Tumeligeuza lile faili huku na huku, na hakuna kati yetu aliyeweza kuapa ni ipi. Mgonjwa huyo hayupo tena wa kuulizwa.

Jambo hili limeniuma. Utafiti mmoja mkubwa wa Kanada na Marekani, uliotoka 2006, uliangalia wagonjwa ambao presha zao zilikuwa zimeshuka kwa sababu ya sepsisi, ukaona kwamba kila saa moja ya kuchelewesha dawa sahihi iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa wastani wa asilimia 7.6. Ulikuwa utafiti wa kusoma mafaili, kama sisi, kwa hiyo hauwezi kutoa hukumu ya mwisho. Ila wao angalau waliweza kuzisoma saa zao.

Uamuzi wa kwanza wa mradi umepita bila ubishi: saa zote ziandikwe kwa tarakimu za saa 24, na pembeni neno moja la wakati: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. "20:00 usiku." Mwenye kuwaza kwa Kiswahili na mwenye kuwaza kwa Kiingereza wakutane hapo. Kisanduku cha juu kabisa kinaitwa "Saa ya kuanza", ni kikubwa kuliko vingine vyote, na kinajazwa kabla ya jina la ugonjwa.

Tumeona na jingine. Kasi ya upumuaji: 20. Mgonjwa anayefuata: 20. Anayefuata: 20. Mgonjwa mwenye nimonia ya pande zote mbili: 20. Sitawalaumu wenzangu, maana miandiko miwili kati ya hiyo ni yangu. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, huku mtu wa kitanda cha pili anaita, ni kazi. Lakini pumzi 22 au zaidi kwa dakika, akili iliyobadilika, na presha, ile namba ya juu, ikiwa 100 au chini yake, ni ishara tatu ambazo hazihitaji hata tone la damu, na ya kwanza kati ya hizo tulikuwa tunaitunga.

Wiki ya 3

Usomaji. Nimetafuta kazi zilizofanyika kwenye wodi zinazofanana na yetu, na Uganda imenipa nilichokuwa nakitafuta. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 382 wa sepsisi kali katika hospitali za Mulago na Masaka, wakachapisha matokeo 2009. Asilimia 84.9 walikuwa na VVU. Maji ya dripu waliyopata katika saa sita za mwanzo yalikuwa, kwa mgonjwa wa katikati (nusu ya wenzake wakiwa chini yake, nusu juu yake), mililita 500, yaani chupa moja.

Namba iliyonisimamisha ni ya vifo. Waliofariki wakiwa hospitalini walikuwa asilimia 23.7. Walipowafuata walioruhusiwa kwenda nyumbani, wengine wengi walikuwa wamefariki huko, hata jumla ya vifo ndani ya siku 30 ikafika asilimia 43. Karibu nusu ya msiba wote ulitokea nje ya geti la hospitali. Sisi huandika "Ameruhusiwa, hali nzuri" na kufunga faili, na tunahesabu kuwa tumeshinda.

Sehemu ya sababu ilionekana baadaye katika kazi ya timu hiyo hiyo: kwa wagonjwa wa sepsisi kali wenye VVU, takriban robo walikuwa na vimelea vya kifua kikuu ndani ya damu. Mgonjwa kama huyo ukimpa antibayotiki ya seftriaksoni kwa saa yake na kwa kipimo chake, bado hujagusa ugonjwa unaomuua. Tumeongeza mistari miwili kwenye karatasi: "VVU: amepimwa?" na "Kifua kikuu: umefikiria?"

Tumeongeza pia kisanduku cha mwisho, chini kabisa: "Siku ya 30". Namba ya simu ya ndugu itachukuliwa siku ya kwanza, wakati wote bado wapo kando ya kitanda.

Wiki ya 4

Wiki ya maabara. Mwenzetu ametufundisha laktati, na nakiri nilikuwa naielewa nusu.

Seli ikikosa oksijeni ya kutosha huichoma sukari kwa njia ya mkato, na laktati ndiyo inayobaki. Lakini hiyo ni sehemu tu ya maelezo. Kwenye sepsisi mwili unamwaga adrenalini kwa wingi, na adrenalini peke yake inasukuma seli kutengeneza laktati hata oksijeni ikiwepo. Na ini lililochoka linashindwa kuiondoa. Kwa hiyo namba kubwa inamaanisha kwamba mwili uko kwenye shida kubwa. Haikuambii shida iko wapi. Malaria kali huipandisha, degedege huipandisha, hata salbutamoli, dawa ya pumu, ikiwa nyingi.

Ufafanuzi wa 2016 unaitumia moja kwa moja: mgonjwa yuko kwenye mshtuko wa sepsisi akihitaji dawa ya kubana mishipa ili wastani wa presha ubaki 65 au zaidi, na laktati yake imezidi milimoli 2 kwa lita ingawa amepewa maji ya kutosha. Pale Mulago walikwisha kuonyesha 2008 kwamba kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia laktati, kando ya kitanda, kinatambua wagonjwa walio kwenye hatari zaidi ya kufariki.

Sisi kifaa hicho hatuna. Tuna mashine ya maabara, na hapo ndipo lilipotokea tatizo. Damu iliyowekwa kwenye chupa ya kawaida haikai kimya: seli nyekundu zinaendelea kula sukari na kutoa laktati humo humo kwenye kichupa. Mwenzetu alituonyesha. Alichukua damu yangu mwenyewe, akaigawa kwenye vichupa viwili. Kimoja ni cha kifuniko cha kijivu, chenye fluoraidi inayozizima hizo seli, akakizamisha kwenye bakuli la barafu iliyotoka kwenye friji ya chanjo. Kingine akakiacha juu ya meza, dirisha wazi, mchana wa joto. Tukanywa chai. Aliporudi kuvipima, cha mezani kilikuwa kimepanda. Damu ni ya mtu mmoja, sindano ni moja, na huyo mtu mmoja nilikuwa mimi, mzima wa afya.

Nilifikiria vichupa vyote nilivyowahi kuviacha kwenye trei nikisubiri mhudumu wa kuvipeleka.

Tumeandika: kifuniko cha kijivu, barafu, kipelekwe kwa mkono mara moja, mpira wa mkononi usikae umebana muda mrefu, mgonjwa asikunje ngumi. Na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu: "Kama haya hayawezekani usiku huu, usipime. Nenda kwenye kidole." Kidole nitakieleza.

Wiki ya 5

CRP na prokalsitonini, protini mbili zinazopimwa kwenye damu, kwa kifupi, kwa sababu kwetu hazitaamua mengi usiku wa kwanza.

CRP iligunduliwa 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Ini huitengeneza mwili unapowaka, kwa sababu yoyote ile: bakteria, malaria, kifua kikuu, hata kuvunjika mfupa. Kwetu wagonjwa wengi wangekuwa nayo juu. Prokalsitonini inalenga bakteria vizuri zaidi, lakini nayo hupanda kwenye malaria kali, na ni ghali.

Faida yake iliyothibitishwa iko kwenye kuacha dawa. Huko Uholanzi, kwenye utafiti uliotoka 2016, madaktari walishauriwa kusimamisha antibayotiki prokalsitonini ikishuka kwa asilimia 80 kutoka kileleni au ikifika mikrogramu 0.5 kwa lita. Siku za dawa zilipungua kutoka 7 hadi 5 kwa mgonjwa wa katikati, na vifo havikuongezeka, vilikuwa pungufu. Nikiipata siku moja nitaifurahia kwa kazi hiyo. Kumwanzishia dawa mgonjwa anayetweta hakungoji majibu ya prokalsitonini.

Wiki ya 6

Maji ya dripu. Tumetumia wiki nzima na bado hatujalala vizuri juu yake.

Tulisomeshwa kwamba sepsisi ni maji, maji, maji. Chimbuko lake ni Detroit, 2001: wagonjwa 263, na waliotibiwa kwa ratiba kali ya saa sita walifariki asilimia 30.5, wenzao asilimia 46.5. Ratiba hiyo ikasambaa duniani. Kisha 2014 na 2015 majaribio matatu makubwa, ya Marekani, ya Australia na New Zealand, na ya Uingereza, hayakuona tofauti. Kufikia wakati huo hata wale wa matibabu ya kawaida walikuwa wanawahi dawa na maji.

Sasa njoo nyumbani. Jaribio la FEAST lilifanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, Muheza ikiwemo. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika waligawanywa: wengine walipewa maji mengi kwa haraka, ya chumvi au ya albumini (protini ya damu), wengine hawakupewa ya haraka. Lilisimamishwa mapema, Januari 2011. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na 7.3 ya wale ambao hawakupewa ya haraka. Wengi walikuwa na malaria, wengi damu imepungua sana.

Muuguzi mwenzangu akasema, "Hao ni watoto." Ni kweli. Nikamletea Zambia. Lusaka, hospitali kuu ya kufundishia, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka, karibu asilimia 90 wana VVU. Waliotibiwa kwa ratiba ya maji mengi na dopamini, dawa ya kupandisha presha, walipata lita 3.5 katika saa sita za mwanzo. Wa matibabu ya kawaida lita 2. Matokeo yaliyochapishwa 2017: vifo asilimia 48.1 kwa wa ratiba, 33 kwa wa kawaida. Alinyamaza, akavua miwani, akasoma jedwali tena mwenyewe.

Lakini Uganda hiyo hiyo ya wiki ya 3 haituruhusu kuyaacha maji. Timu ile ilirudi Mulago na Masaka, ikamweka mhudumu maalumu wa kukaa na mgonjwa kwa saa sita za mwanzo, kupima mara kwa mara na kutoa maji kadiri anavyoona. Vifo vya siku 30 vilikuwa asilimia 33, vikilinganishwa na 45.7 kabla ya hapo. Walitoa maji zaidi, na watu walipona zaidi.

Mimi ninavyoona, na wenzangu wamekubali: tofauti kubwa ya Mulago na Masaka ni mtu aliyekaa pale. Chupa ya dripu inayofunguliwa na kuachwa mpaka asubuhi ni hatari ileile, iwe inaingia kwa kasi au kwa pole. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa tatu, na wenyewe unasema ushahidi ni dhaifu. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni chupa tatu za nusu lita. Karatasi yetu inatoa chupa moja moja. Baada ya kila chupa: hesabu pumzi, sikiliza mapafu chini kabisa mgongoni, angalia kidole, andika saa. Pumzi zikipanda au mapafu yakianza kutoa sauti kama ya maji, funga. Mwenye upungufu mkali wa damu anahitaji damu, si chumvi.

Wiki ya 7

Kidole. Mwaka 2019 hospitali 28 za nchi tano za Amerika Kusini zilijaribu wagonjwa 424: nusu wakatibiwa kwa kufuata laktati, nusu kwa kufuata muda wa damu kurudi kwenye ncha ya kidole. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 43.4 kwa laktati, 34.9 kwa kidole. Tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuitwa uthibitisho. Kwangu inatosha kusema kwamba kidole hakikushindwa na maabara.

Namna ya kufanya: shika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, upande wa alama za vidole, kandamiza kwa kipande cha kioo cha hadubini mpaka papauke, ushikilie sekunde 10, achia, hesabu mpaka rangi irudi. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri. Upande huo wa kidole hupauka waziwazi hata kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Mkono uwe na joto kwanza.

Usiku wa Alhamisi karatasi imetumika kwa mara ya kwanza. Mzee mmoja, kitanda cha dirishani, amelazwa na nimonia tangu mchana. Presha 104, haijagusa mstari wa 100. Binti yake alinifuata mezani: "Shikamoo daktari. Baba ananiita kwa jina la marehemu shangazi." Nilikwenda. Pumzi, safari hii nilizihesabu dakika nzima: 34. Nilimsalimu, akaniitikia vizuri, kisha akaniuliza kama basi limeshafika. Nikakandamiza kidole. Kilipauka kama ncha ya mshumaa. Nikaachia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Rangi ilianza kurudi pembeni kwanza, taratibu, na ilipojaa nilikuwa nimefika sita.

Saa ya kuanza: 01:50 usiku. Damu ya kuotesha vimelea ilichukuliwa, dawa ya kwanza ikaingia mshipani 02:15, oksijeni, chupa ya kwanza. Baada ya chupa ya pili kidole kilikuwa sekunde 4, pumzi 30. Alipoanza kukohoa kwa sauti ya majimaji tulifunga ya tatu ikiwa nusu. Muuguzi hakuondoka pale, na wodi nzima nikaibeba mimi. Saa 05:30 alfajiri kidole sekunde 3, na mkojo ukaanza kuonekana kwenye mfuko. Binti alikuwa amelala ameketi, kichwa ukutani, ameshika ile karatasi kwa sababu tulimwomba aitunze.

Tumeongeza mstari mpya juu ya zile ishara tatu: "Ndugu anasema amebadilika?" Presha yake ingetudanganya. Binti alijua kabla yetu sote.

Wiki ya 9

Wiki ya 8 ilipita bila kuandika; zamu zilikuwa nzito, na wagonjwa wawili wenye karatasi yetu tumewapoteza. Mmoja aliletwa akiwa amechelewa mno. Kwa wa pili, dawa iliingia baada ya saa nne kwa sababu kanula, ule mrija wa mshipani, ilishindikana na hakuna aliyeita mwenzake. Tunajua ni saa nne kamili kwa kuwa imeandikwa. Tumekaa na mkuu wa wodi, na sasa kuna sheria: majaribio mawili ya kanula, kisha unaita; ikichelewa, sindano ya msuli wakati mshipa unatafutwa.

Mwenzetu wa maabara aliuliza kwa nini hakuna dawa inayozima sepsisi yenyewe. Ilijaribiwa. Protini C iliyowezeshwa ilionyesha 2001 kupunguza vifo kutoka asilimia 30.8 hadi 24.7, ikauzwa kwa bei kubwa kwa miaka kumi, jaribio la kurudia likaikosa faida, na Oktoba 2011 ikaondolewa sokoni. Tuliyo nayo ni antibayotiki, maji kwa kipimo, oksijeni, kutoa usaha ulipo, na noradrenalini, dawa ya kubana mishipa, panapopatikana.

Wiki ya 12

Siku ya 30 ya mzee wa dirishani imefika leo. Nimepiga mara mbili bila kupokelewa, nikaanza kuogopa. Mara ya tatu binti akapokea akiwa sokoni, kelele nyingi, akasema nisubiri afike nyumbani. Nilisubiri nikiwa nimesimama kwenye korido na kalamu mkononi.

Alinipa mzee mwenyewe. Anakohoa bado, jasho la usiku lipo, na makohozi aliyopeleka kwenye kliniki yamekutwa na kifua kikuu. Dawa ameanza wiki iliyopita. Ameniuliza kama zile za kwetu alizomaliza zilikuwa za bure. Nikamwambia arudi Jumatatu na kadi yake ya kliniki.

Siku ya 30: yu hai. 17:40 jioni.